Kazi ya Mkono wa Kushoto: Kinanda cha Umeme katika Jazi na Roki, 1956–1970

Wahakiki wa muziki wa Magharibi wamekiweka kinanda cha umeme cha miaka ya 1960 mahali penye kivuli. Wapenzi wa jazi, wengi wao, waliuhesabu muziki wake kuwa muziki wa vilabu vya usiku, usiostahili kutajwa pamoja na kazi za Charlie Parker au John Coltrane. Wapenzi wa roki nao waliuona kuwa ni ngazi tu, ambayo vijana wa Uingereza waliipanda ili wafike kwenye magitaa makubwa ya mwisho wa muongo ule, kisha wakaisukuma kwa mguu. Kwa hiyo jambo lililo kubwa kuliko yote katika muziki huo, yaani mwendo wake unaomfanya msikilizaji atikise mguu kabla hajajua kama wimbo ni mzuri au mbaya, halikupata uchunguzi ulioustahili. Lilisifiwa, likaachwa.

Kwa jambo hilo Kiswahili kina maneno kadhaa yaliyo jirani, wala hapana hata moja linalolikamata lote. Mdundo ni pigo lenyewe. Mahadhi ni njia ya sauti. Mizani ni hesabu. Pigo laweza kuwa kali na hesabu ikawa timilifu, na bado ngoma isinoge. Mtu aliyewahi kusimama uwanjani ajua kwamba wapigaji wawili huweza kupiga pigo moja kwa hesabu moja, wa kwanza uwanja ukamjalia watu, na wa pili watu wakakumbuka kiu wakaenda kutafuta maji. Tofauti iliyopo baina ya wawili hao hapa itaitwa mwendo, na haja ya makala haya ni kuonyesha ilitoka wapi katika muziki wa kinanda cha Hammond, na ilipotelea wapi.

Chombo chenyewe hakikuundwa kwa ajili ya ngoma. Laurens Hammond wa Chicago alikuwa mvumbuzi na mtengenezaji wa saa za umeme, wala hakuwa mpigaji muziki. Kinanda chake kilitoka sokoni mwaka 1935, kikanunuliwa na makanisa mengi yasiyokuwa na fedha za kununua kinanda kikubwa cha mabomba. Katika namna iliyopata sifa kuliko zote, B-3, iliyoanza kuundwa katikati ya miaka ya 1950, mna magurudumu ya chuma 91 yenye kingo za mawimbi, yanayozunguka mbele ya sumaku zilizozungushiwa waya. Kila gurudumu huzaa sauti yake. Mpigaji ana safu mbili za vibao, kila safu ya vibao 61, na chini yake kanyagio 25 za miguu. Na mbele ya macho yake vipo vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila seti, ambavyo kwavyo huchanganya sauti kama mpishi achanganyavyo viungo.

Sasa yafaa msomaji aangalie sana sifa mbili za chombo hiki, maana ndizo shina la habari yote. Kwanza, kibao cha Hammond hakijui nguvu ya kidole. Ukikigusa kwa upole au ukikipiga kwa hasira, sauti ni ile ile. Ukubwa wa sauti huongozwa na kanyagio la mguu wa kulia, tena kwa vibao vyote pamoja. Pili, sauti haififii. Uzi wa gitaa ukichapwa hulia kisha hufa wenyewe. Kibao cha Hammond hulia maadamu kimeshikwa, na kikiachwa sauti hukatika papo hapo kama uzi uliokatwa kwa mkasi. Mpiga piano aliyezoea kutia mkazo kwa uzito wa mkono hujikuta amenyang'anywa silaha. Amebakiwa na njia moja tu: wakati. Ni lini abonyeze, na ni lini aachie. Mkazo wake wote hauna budi kutoka katika urefu wa sauti na ukimya unaoifuata.

Katika upungufu huo ndimo mwendo ulimozaliwa. Hata kasoro zilisaidia. Chini ya kila kibao mna viunganisho tisa vya umeme, navyo havigusani kwa wakati mmoja halisi. Kwa hiyo mwanzo wa kila sauti una mlio mdogo mkavu, kama wa ukucha kwenye ubao. Mafundi wa kiwanda waliuona mlio huo kuwa ni aibu, wakajaribu kuupunguza. Wapiga jazi wakaupenda, kwa sababu uliwapa kile walichonyimwa, yaani ncha ya pigo. Kadhalika sanduku la kipaza sauti kinachozunguka, lililoundwa na Don Leslie wa California mwanzoni mwa miaka ya 1940, halikumpendeza Hammond hata kidogo. Lakini ni nadra kusikia santuri ya namna hii ambayo sanduku hilo halimo, likiitetemesha sauti polepole na kisha kwa kasi pale mpigaji atakapo kupandisha moto.

Wenyeji wa mwambao wana chombo cha kulinganisha. Harmoniam iliyoingia katika taarabu ya Mombasa kutoka Bara Hindi humtaka mpigaji atumie mkono mmoja kuvuta pumzi, na mmoja tu ndio uimbe. Pumzi hiyo ndiyo roho yake: hupanda na kushuka kwa hisia za mpigaji. Hammond haina pumzi ya kuvutwa, ina umeme usiochoka. Kwa hiyo mkono wa kushoto umekuwa huru, na suala la mkono huo ufanye nini ndilo lililowatenga mabingwa na waigaji. Neno kinanda lenyewe, kwa njia, limepita safari yake: wazee waliliweka kwa chombo cha nyuzi kilicho ndugu ya gambusi, kabla halijahamia kwenye vibao.

Aliyeujibu mkono wa kushoto kwa ukamilifu alikuwa Jimmy Smith, mzaliwa wa Norristown, Pennsylvania. Kabla yake walikuwapo wengine, na Wild Bill Davis ndiye aliyemvuta kwenye chombo hicho. Lakini Davis alikipiga kama bendi kubwa ya matarumbeta, kwa mafungu mazito ya sauti. Inasimuliwa kwamba Smith alijifungia ghalani huko Philadelphia akijifunza peke yake, na mwaka 1956 santuri zake za kwanza zilipotolewa na kampuni ya Blue Note wasikilizaji walikuta jambo jipya. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitembea kwa besi, sauti moja kwa kila pigo, bila kusimama. Mguu wa kushoto uligusa kanyagio kwa wepesi, kuipa besi ile kishindo cha mwanzo. Na mkono wa kulia ulisema neno lake juu, kwa sentensi fupi fupi za bluzi. Mtu mmoja alikuwa watu watatu. Kwa hiyo bendi yake haikuhitaji mpiga besi.

Wengi wamelisifu jambo hilo kama kiini macho cha sarakasi. Uzito wake uko kwingine. Besi na sauti ya juu zilipokuwa katika mwili wa mtu mmoja, nafasi iliyopo baina yao haikuwa tena mapatano ya watu wawili. Ilikuwa tabia ya mtu. Smith aliweza kuuchelewesha mkono wa kulia kidogo, kadiri ya kupepesa jicho, huku wa kushoto ukishika njia bila huruma. Msikilizaji huvutwa na pengo hilo. Mwili wake wataka kulijaza, na njia ya mwili kulijaza pengo la sauti ni kutikisika.

Kazi ya kusikilizwa hapa ni The Sermon, iliyorekodiwa mwaka 1958 pamoja na Art Blakey kwenye ngoma, Kenny Burrell kwenye gitaa, Lee Morgan kwenye tarumbeta, na saksafoni za Lou Donaldson na Tina Brooks. Wimbo wenye jina hilo huchukua dakika zipatazo 20, nao umejengwa juu ya bluzi ya vipimo 12, umbo lililofungika kama ubeti wa shairi lenye mizani na vina vyake. Vipimo 12 vikiisha, huanza tena. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatashangaa kuona kwamba kifungo hicho hakikuwa gereza. Jina la wimbo maana yake ni hotuba ya kanisani, na jina halidanganyi: kila mpigaji husimama kwa zamu yake kama mhubiri, na kinanda nyuma yake hujibu kama waumini wajibuvyo. Makanisa ya Wamarekani weusi yalikuwa yamekizoea kinanda hicho kwa miaka mingi. Mahubiri ya kupokezana, sauti ya mmoja na itiko la wengi, yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya vibao kabla Smith hajavigusa. Kwa dakika 20 wimbo hauongezi kasi, hauongezi kelele ila kidogo sana, na hauchoshi.

Mwaka 1962 huko Memphis mwendo huo ulipata umbo la pili, fupi zaidi. Booker T. Jones, kijana wa miaka 17, pamoja na Steve Cropper, Lewie Steinberg na Al Jackson walitoa Green Onions, wimbo usio na maneno wa chini ya dakika 3, uliopigwa kwa Hammond ndogo ya namna ya M-3. Hapa besi alipewa mtu mwingine, na kinanda kikabaki na sentensi moja fupi ya ukali inayorudi na kurudi. Si jambo la kupita kimya kwamba bendi hiyo ilichanganya weusi na mweupe katika mji ambao bado ulikuwa ukitenga watu kwa rangi zao. Kwa hesabu ya muziki, ilichofanya ni kuthibitisha kwamba mwendo haukutaka hotuba ndefu; uliweza kukaa katika methali.

Santuri hizi mbili, ya hotuba na ya methali, ndizo zilizovuka bahari. Katika mtaa wa Wardour, eneo la Soho mjini London, klabu ya Flamingo ilikuwa na kesha za mwisho wa juma zilizohudhuriwa na askari weusi wa Kimarekani waliokuwa wakikaa Uingereza, pamoja na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi na vijana wa Kiingereza. Georgie Fame, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Clive Powell, alikuwa mpigaji wa klabu hiyo. Askari walileta santuri zao; naye alipoisikia Green Onions alinunua Hammond. Katika bendi yake ya Blue Flames alikuwamo Speedy Acquaye, mzaliwa wa Ghana, mpiga ngoma za mkono. Santuri iliyorekodiwa papo hapo klabuni na kutolewa mwaka 1964, Rhythm and Blues at the Flamingo, ina thamani ya ushahidi: Fame si bingwa wa vibao kama Smith, wala hajidai kuwa hivyo, lakini ngoma za mkono zinaujaza ule upande wa chini ambao mkono wa kushoto wa Fame haukuuweza. Waliosema kwamba Waingereza waliuiba mwendo huu wana haki ya kusikilizwa, maana fedha na sifa hazikugawanywa kwa usawa. Hata hivyo wizi ni neno jepesi kwa chumba kile. Wenye muziki walikuwamo, wakicheza, na mpigaji aliyeharibu aliona hukumu yake kwenye uwanja uliobaki mtupu.

Graham Bond alikuwa mtu wa namna nyingine. Alitoka kwenye saksafoni ya jazi mpya, na mwaka 1963 aliiacha bendi ya Alexis Korner akiwachukua Jack Bruce na Ginger Baker. Kwa muda mfupi John McLaughlin alikuwa naye kwa gitaa, kisha Dick Heckstall-Smith akaja na saksafoni. Santuri yao ya 1965, The Sound of '65, haina ustaarabu wa Fame. Bond alivuta vijiti vyake karibu vyote, akapiga kana kwamba agombana na chombo, na mara nyingine alishika saksafoni kwa mkono mmoja na vibao kwa mkono wa pili. Kinachoizuia santuri isiwe vurugu ni Baker. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi Phil Seamen, mpiga ngoma wa jazi wa London, alivyomkalisha chini kusikiliza santuri za ngoma za Kiafrika, zikiwamo za Watutsi, akafunguliwa masikio asikie hesabu zaidi ya moja katika mwendo mmoja. Msomaji wa Kigali au Bujumbura atakayeisikiliza santuri hiyo asitazamie kuzikuta ngoma za kwao. Atakachosikia ni mpigaji asiyeogopa kuliacha pigo la kwanza wazi. Bond hakupata malipo ya kazi yake. Bruce na Baker waliondoka, na mwaka 1966 wakaunda Cream pamoja na Eric Clapton, na ulimwengu ukawafuata. Bond alikufa mwaka 1974 chini ya gari-moshi katika stesheni ya Finsbury Park.

Hata hivyo uhakiki wa jambo hili hauwezi kukamilika ila kwa Brian Auger, kwa kuwa ndani ya kazi zake mgongano wote unaonekana mahali pamoja. Alizaliwa London mwaka 1939, akawa mpiga piano wa jazi, na mwaka 1964 wasomaji wa gazeti la Melody Maker walimchagua kuwa wa kwanza katika chombo hicho. Mwaka uo huo, penye sifa za piano, alikuwa akigeukia Hammond, baada ya kusikia santuri ya Smith iitwayo Back at the Chicken Shack ikipigwa dukani. Waimbaji wengi walipita mikononi mwake: Long John Baldry, Rod Stewart na Julie Driscoll walikuwa naye katika Steampacket mwaka 1965. Vidole vyake vimo hata mahali ambapo watu hawavitazamii, kwa mfano katika For Your Love ya Yardbirds, ambamo alipiga chombo cha kale cha nyuzi na vibao, wala si Hammond.

Bendi yake ya Trinity, yenye Dave Ambrose kwa gitaa la besi na Clive Thacker kwa ngoma, ilifanya badiliko ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kiufundi tu. Mkono wa kushoto uliondolewa kwenye besi. Tena mapigo yalibadilika. Katika jazi ya Smith kila pigo hugawanywa vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu na cha pili kifupi, kama mtu atembeaye kwa madaha; katika muziki wa Trinity vipande vililinganishwa, kama ilivyokuwa desturi ya roki na muziki wa Memphis. Madaha yakapungua, msukumo ukaongezeka. Hatari ilikuwa wazi: mapigo yaliyolingana huweza kuwa mashine ya kushonea. Auger alijiokoa kwa kuutumia ule mkono uliopata uhuru. Katika upande wa kwanza wa santuri ya Open, ya mwaka 1967, ambao ni upande wake mwenyewe kabla Driscoll hajaingia kuimba upande wa pili, mkono wa kushoto hutupa mafungu mafupi ya sauti kwenye nafasi ambazo besi na ngoma zimeziacha, na kuyakata upesi. Yale mambo mawili ya chombo, kutojua nguvu na kukatika papo hapo, yamekuwa tena mali. Mkono haushiki njia. Unauliza maswali, na mkono wa kulia hujibu kwa lugha ya jazi, ndefu na yenye kugeuka, ambayo roki ya wakati ule haikuwa nayo.

Hapa ndipo ulipo ubora wa jazi-roki ya kinanda, na si pale ambapo watu wengi huuweka. Wimbo uliompatia Auger umaarufu, This Wheel's on Fire, uliofika nafasi ya 5 nchini Uingereza mwaka 1968, ni kazi nzuri ya sauti ya Driscoll na ya mafundi wa studio. Kwa habari ya mwendo una kidogo cha kusema. Definitely What!, ya mwaka huo huo, una dhambi nyingine, kwa kuwa Auger alitaka ukubwa, akaleta vyombo vingi, na kundi la matarumbeta likakaa katika nafasi zile zile ambazo mkono wake wa kushoto ulikuwa ukizilinda. Kisichoachiwa nafasi hakiwezi kutembea. Ni ajabu kwamba mtu aliyelijua pengo kiasi kile aliweza kulifunika kwa mikono yake mwenyewe, lakini tamaa ya kuhesabiwa miongoni mwa wasanii wakubwa ilikuwa ugonjwa wa mwaka ule.

Streetnoise ya mwaka 1969, santuri mbili katika jalada moja, inarudisha heshima. Ni ndefu mno, na baadhi ya nyimbo zake zimekaa humo kwa hisani. Lakini Tropic of Capricorn na Ellis Island, ambazo hazina maneno, zaonyesha watu watatu waliokwisha kujuana hata hawatazamani. Na All Blues ya Miles Davis, iliyoimbwa na Driscoll, inajibu swali ambalo wahakiki wa jazi walidhani limekwisha kujibiwa dhidi ya muziki huu: je, watu wa roki waweza kukaa kimya? Kinanda humo hakisemi sana. Hushika sauti moja, sanduku la Leslie likaigeuza polepole, na mwimbaji akapita juu yake kama mtu apitaye kwenye daraja asilolitilia shaka. Ile sifa ya pili ya Hammond, sauti isiyofifia, ambayo Smith aliikata kata ili apate mwendo, Auger ameiacha iwe kama maji yaliyotulia, na mwendo haukukatika. Umehamia kwenye besi ya Ambrose, nao wasikika kwa sababu kinanda kimeuachia.

Njia nyingine ilikwenda hadi mwisho wake huko Marekani mwaka huo huo. Tony Williams, mpiga ngoma aliyetoka kwa Miles Davis, alimkusanya Larry Young, bingwa wa kinanda aliyekuwa amekwisha kuitoa Hammond katika kivuli cha Smith kwa santuri yake ya Unity, na McLaughlin, yule yule wa bendi ya Bond. Santuri yao ya Emergency! ina akili nyingi na moto mwingi. Young amevunja vipimo vya zamani, mafungu yake ya sauti ni kama mawingu, na Williams hupiga kila mahali kwa wakati mmoja. Ni kazi kubwa, lakini ni kazi ya kusikilizwa mtu ameketi. Waliotoka hapo wakaja kuiiga waliuchukua wingi wa sauti zake wakauacha ukimya, na jazi-roki ya miaka ya 1970 ikajaa wapigaji hodari ambao mtu huweza kuwastaajabia jioni nzima bila kuinuka kitini.

Auger aliunda bendi ya Oblivion Express mwaka 1970, akashikamana na Hammond hata baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza B-3 katikati ya muongo huo, wakati vyombo vyepesi vya umeme vilipowaondolea wapigaji taabu ya kubeba mzigo unaokaribia kilo 200 katika ngazi za vilabu. Miaka ya mwisho ya 1980, vijana wa London ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo Streetnoise ilipotolewa walirudi kuzitafuta santuri za zama zile katika masanduku ya maduka ya mitumba, na bendi mpya kama James Taylor Quartet, iliyotoa Blow-Up mwaka 1987, zikakitoa kinanda kile ghalani. Wengi wao hawakuujua ugomvi wa wahakiki, walitaka santuri za kuchezea tu. Wakachagua zile ambazo mkono wa kushoto una kazi ndani yake.